Chambo Kisicho na Chumvi

Zainabu binti Chome alikitia chambo mdomoni akakilamba, kisha akakigeuza akalamba upande wa pili, maana hata ulimi huweza kukosea. Hakikuwa na chumvi. Akachukua cha pili na cha tatu, mpaka vyote sita vikaisha. Kama si harufu ya gundi na manyoya ya jogoo, angesema analamba vijiko vilivyotoka kuoshwa.

Kwa watu wa Mkwiro, kijiji cha kisiwani, hilo lisingekuwa jambo la kushangaza, kwani wamemzoea. Kwa mgeni inafaa nieleze. Huyu mama wa miaka hamsini na minane hutengeneza vyambo vya bandia: hufunga manyoya, nyuzi na vipande vya karatasi ya kung'aa juu ya ndoana, wavuvi wakavifunga kwenye mishipi na kuviburura nyuma ya boti, samaki wakubwa wakadhani ni vidagaa vinavyokimbia. Kazi hiyo ya kuburura huitwa kurambaza. Kila Ijumaa baada ya swala, mkwe wake Abubakar, nahodha na mume wa Twaiba, binti yake wa pekee, humletea vyambo vya wiki nzima ndani ya kopo la maziwa ili avitengeneze palipochakaa.

Chambo kilichokwenda baharini hakijifichi. Ndoana hushika kutu, uzi hukakamaa, na hata ukikiosha kwa maji matamu, fundo la ndani hubaki na munyu wake, ile chumvi ya bahari. Hivi sita vilikuwa vimevurugwa manyoya, kimoja kimepungua unyoya mzima, lakini vilikuwa vikavu na vitamu kama siku vilipozaliwa. Zainabu akavitazama vizuri. Manyoya yalikuwa yamechambuliwa moja moja, kwa uangalifu, na vidole vya mtu. Samaki hana adabu hiyo.

Basi akaelewa. Mkwe wake alikuwa akivichukua vyambo vyake kila wiki, akishukuru na kuinamisha kichwa, akaenda navyo mpaka baharini na kurudi navyo bila kuvitosa majini. Kisha huvivuruga kidogo, ili mama asijue.

Aliona haya kwanza. Halafu akakasirika, akalifunga kopo kwa kishindo mpaka kuku wakatawanyika uani. Lakini hasira ya Zainabu haikuwahi kudumu, kwani daima hukuta swali limeshakaa mahali pake. Lilimjia hata kabla ya kuku kurudi. Kwa nini havivui tena?

Angeweza kumwuliza Abubakar mwenyewe, wewe utasema. Huwajui wakwe wa Mkwiro. Abubakar ni mtu mzima wa miaka arubaini, baharini sauti yake hushinda injini, lakini mbele ya mama mkwe huongea na mkeka. Hujibu "naam, mama" na "inshallah, mama", na jambo zito hupitia kwa Twaiba. Kumwambia mama wa mkewe usoni kwamba vyambo vyake havifai kitu, afadhali angekula ndoana. Na Zainabu naye, kumwambia mkwe kwamba amelamba na kumgundua, ni kumvua nguo hadharani. Kwa hiyo heshima ilikuwa imewafunga mikono wote wawili, na samaki walikuwa salama.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba vyambo vile havikuwa vyake peke yake. Vilikuwa vya marehemu babake. Mzee Chome wa Majoreni alikuwa akifunga manyoya mekundu ya jogoo, mapana, yenye urefu wa kiganja, na juu yake karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Zainabu alijifunza kufunga mafundo hayo kabla hajajua kusuka ukili. Alikuwa mtoto msumbufu wa maswali. Samaki akiletwa nyumbani, wenzake walisubiri mchuzi, yeye alisubiri utumbo, aupasue aone marehemu alikula nini. Mzee Chome alimwacha apasue. "Huyu atanizidi," alikuwa akisema, na mamake akijibu kwamba atamzidi kwa kunuka.

Alipoolewa na Issa akahamia Mkwiro, alikuja na sanduku la kanga na mfuko wa manyoya mekundu. Miaka thelathini na mitano amefunga vyambo, kwa Issa mpaka Mungu alipomchukua, kisha kwa Abubakar, na hajabadilisha hata uzi mmoja. Wakimletea vya dukani alikuwa akicheka: "Usiache mbachao kwa msala upitao." Baba alifunga vyekundu, naye akafunga vyekundu. Sasa hivyo vyekundu vilikuwa vikitembezwa baharini kama bibi harusi na kurudishwa nyumbani, na kama baba alikosea, Zainabu alitaka ajue. Kama hakukosea, alitaka kujua hata zaidi.

Jumapili alikwenda kwa Twaiba kusukwa nywele. Binti alikuwa ukumbini, mama kakaa chini katikati ya magoti yake, na mfuko wa baharini wa Abubakar umening'inia msumarini pale pale.

"Mumeo anavua wapi siku hizi?" Zainabu akauliza, akijitia kutojali.

"Tangu waweke ile injini kubwa, mama, hawaendi tena upande wa Vanga. Wanatoka nje kabisa, nyuma ya mwamba. Asema huko maji meupe, waona mawe pima kumi chini."

"Na samaki?"

Mikono ya Twaiba ikasimama juu ya kichwa cha mamake. "Samaki wapo, alhamdulillahi. Ila maji bado ya baridi, kusi halijaisha vizuri. Asema samaki wa maji baridi ni wavivu. Humwona kabisa aja, akitazame chambo, ageuke aende zake."

"Akitazame," Zainabu akarudia polepole.

Twaiba alipomaliza, akachukua kioo akakishika nyuma ya kichwa cha mamake, na kingine mbele, ili aone mistari ya nyuma. Zainabu akaona kisogo chake, akaona na ukosi wa dera ulivyochanika, jambo ambalo alikuwa akitembea nalo kijijini tangu asubuhi bila habari. Akaupapasa ule mchaniko kwa kidole. Twaiba akadhani mama hakupenda misuko.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Nafikiria tu mtu asivyojua alivyo kwa nyuma."

Twaiba alipoingia jikoni kuepua sufuria, mama mtu mzima, mwenye kuheshimika, aliyekwenda Makka, aliinuka akautia mkono katika mfuko wa mkwe wake. Akakuta alichokitarajia: chambo cha dukani, samaki wa plastiki, mdogo kama kidole cha shahada, tumbo lake linapitisha mwanga, jicho jeusi, ndoana imeshika kutu ya bahari. Akakilamba upesi. Kilikuwa chumvi tupu. Kikaingia katika pindo la kanga, naye akaaga bila kungoja chai.

Sasa, Mkwiro hakuna kisima cha maji matamu. Kisiwa kizima ni jiwe, na watu hunywa maji ya mvua yanayokingwa katika jabia, yaani tangi lililochimbwa ardhini na kupigwa chokaa. Jabia la Zainabu lilikuwa uani, mdomo wake mpana kama meza, na maji ya masika bado yalikuwa mengi, ya baridi, yaliyotulia na kuonekana mpaka chini. Alikuwa akiyachota kila siku ya maisha yake pale. Siku hiyo aliyatazama kana kwamba ndiyo kwanza anayaona.

Akaingia ndani akakiondoa kioo cha harusi kabatini. Issa alikinunua Mombasa, kikubwa kama sinia, na tangu afe hakuna aliyekigusa ila kwa kufuta vumbi. Akakiosha kwa sabuni, akakifunga kamba pembe nne, akakiteremsha ndani ya jabia kikilala chali, mpaka kikawa chini ya maji kiasi cha mikono miwili. Jua lilikuwa utosini. Akalala kifudifudi ukingoni akachungulia. Kitu cha kwanza alichokiona kule chini kilikuwa uso wake, na juu yake mbingu yote, buluu. Akacheka peke yake. Hivi ndivyo anavyoona samaki aliye chini akitazama juu.

Akachukua chambo cha baba, kile chekundu, kisichowahi kutoswa baharini, akakipitisha juu ya kioo kwa uzi.

"Lahaula!" akasema.

Mkononi kilikuwa kizuri. Kule kiooni kilikuwa pande jeusi, nene, lenye manyoya yaliyosimama pande zote, na karatasi ya fedha ikimulika kila kikigeuka. Mbingu ile safi nyuma yake ilikionyesha chote, hata fundo, hata ndoana. Samaki gani mwenye akili atafuata kitu kama hicho? Angedhani ni harusi inapita, asogee kando aipishe. Zainabu akatoa kile cha plastiki, ambacho alikuwa amekisugua kwa majivu na kukisuuza mara tatu kwa ajili ya maji ya kunywa, akakipitisha. Karibu asikione. Uzi wa mwanga, jicho, basi.

"Zainabu! Umeanguka?"

Alikuwa Mwanatumu, jirani yake, mfuga mbuzi, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha kijiji. Alikuwa amekuja na ndoo kuchota, maana jabia lake lilikuwa na ufa, akamkuta shoga yake kalala chini, kichwa kimezama mdomoni mwa jabia.

"Sijaanguka. Nyamaza uje uone."

Mwanatumu akaja, akaona kioo, akaona uzi, akaona ndoana. Ndoo ikaanguka. "Watia vyambo vya samaki ndani ya maji tunayokunywa? Wallahi, Zainabu, nitamwambia imamu!"

"Vyambo gani vya samaki? Hivi havijawahi kunusa samaki hata mmoja." Na hapo sauti yake ikavunjika, jambo ambalo hakulikusudia. Akaketi juu ya ukingo wa jabia akamweleza yote: ulimi, manyoya yaliyochambuliwa, mkwe na adabu yake. "Anionea huruma, Mwanatumu. Mie niwe mtu wa kuonewa huruma, na vyambo vya baba viwe vya kutembezwa."

Mwanatumu alisikiliza mpaka mwisho, na kwa Mwanatumu hiyo ni sadaka. Kisha akavua ndala, akalala kifudifudi upande wa pili. "Hebu vuta nione," akasema.

Wakashinda hapo. Mmoja anavuta uzi, mwingine anachungulia, wakibadilishana, mpaka viwiko vikawauma. Walijaribu manyoya meupe ya kuku, yakajaa hewa na kuelea kama mto wa kulalia. Walijaribu nyuzi za gunia la mchele, zikang'aa mno. Walijaribu manyoya ya kanga, yale ya madoadoa. Mwanatumu akasema mazuri, Zainabu akasema mazuri kwako wewe, si kwa samaki, wakabishana hadi adhuhuri ikawapita wakaenda kuswali wakiwa wamenyimana maneno. Waliporudi, Mwanatumu alikuwa na kishungi cha manyoya ya kidevu cha beberu wake mweupe.

"Kachezea kichapo kwa ajili yako," akasema. "Anahema mpaka sasa."

Yakiwa makavu yalikuwa si kitu, rangi ya majani makavu. Zainabu akayafunga machache tu, membamba, urefu wa kidole, akatia tone la wino mweusi kuwa jicho, bila karatasi ya fedha. Kuiacha ile karatasi mkono wake ulikataa kwanza. Akaishika, akaiweka, akaishika tena. "Nisamehe, baba," akasema, na hakusema kwa mzaha.

Yalipolowana, yale manyoya yalilala, yakashikana, yakawa kitu chembamba chenye mkia. Katika mbingu ya kioo kilipita kidagaa.

"Vuta polepole," Zainabu akanong'ona, kana kwamba kingesikia. "Zaidi. Polepole zaidi."

Mwanatumu alipovuta kwa haraka kilinyooka kikawa uzi tu. Alipovuta taratibu mkia ukacheza. Zainabu akakumbuka maneno ya Twaiba, kwamba samaki wa baridi ni mvivu. Mvivu hakimbizani. Mpitishie chakula mbele ya mdomo, kidogo, kama anavyokijua, na umpe nafasi ya kuamua.

Lakini moyo wake haukutulia. Usiku ule hakufurahia ushindi wake hata kidogo, kwa sababu kidagaa cha mbuzi kilikuwa kimemshinda Mzee Chome, na Mzee Chome hakuwa mjinga. Asubuhi akaamka na swali jipya. Baba alivua wapi? Alivua Majoreni, penye mikoko, ambako mto hutapika udongo wake na maji ni kama chai ya maziwa. Akashuka pwani maji yakiwa yamekupwa, akachota tope la mikoko, akalikoroga katika beseni, mbali na jabia, maana Mwanatumu alikuwa akitazama. Akatia kile cha mbuzi. Kikapotea papo hapo, kama hakikuwahi kuwepo. Akatia chekundu cha baba, chenye fedha. Kila kilipogeuka, kitu kikameta mle topeni, kikubwa, hakikosekani.

Alikaa juu ya mchanga na beseni lake, akalia, kisha akacheka. Babake hakukosea. Alichagua kwa ajili ya maji yake. Aliyekosea ni binti aliyeyabeba majibu ya mzazi miaka thelathini na mitano akasahau kuyabeba maswali.

Ijumaa Abubakar alipokuja, alikuta kopo limefungwa tayari. Ndani mlikuwa na vyambo sita vyembamba, rangi ya majani makavu, visivyopendeza hata kidogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akafungua kopo, akatazama. Zainabu alikuwa akichagua mchele kwenye ungo, na mchele ule ulichaguliwa siku hiyo kuliko wakati wowote. Abubakar akafunika, akashukuru, akainamisha kichwa, akaondoka. Hakuna cha zaidi ambacho mama mkwe angeweza kufanya, ila alikuwa amekwisha kumpa Twaiba maneno: "Mwambie mumeo apunguze injini. Aburure kama mtu anayemsindikiza mgonjwa."

Wiki ile ilikuwa ndefu. Zainabu alijiambia kwamba kama vikirudi vikavu, basi. Atavifunga vifaa vyake katika kikapu alichoachiwa na baba akitundike, wala hatamlaumu mtu, na mkwe wake atapumzika kuchambua manyoya. Alimwambia Mwanatumu hivyo, na Mwanatumu akamjibu kwamba beberu wake hakunyolewa bure. Lakini Alhamisi jioni alikiteremsha kile kikapu na kukipangusa vumbi, akakiacha karibu na mlango.

Ijumaa, Abubakar alikuja akiwa na kopo mkononi na uso wake umetazama mkeka kama kawaida. Mwanatumu alikuwa amekuja kuazima kibiriti kwa mara ya tatu tangu asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Habari za bahari?"

"Njema, alhamdulillahi." Akaliweka kopo chini, akalisogeza taratibu kwa kidole. Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya tangu aoe: akakaa. "Mama, kimerudi kimoja tu. Vingine viwili vimekatwa na nguru, viwili kolekole wametafuna mpaka ndoana ikabaki uchi, na kimoja mvuvi mwenzangu Kheri ameniomba nikashindwa kumnyima. Nakuomba unifungie vingine. Na vile vyekundu vya babu, kama vipo, nipe viwili. Kesho kutwa tutapitia upande wa Vanga, maji kule yana tope, navyo kwenye tope havina mwenzao."

"Vipo," Zainabu akasema. Ungo wa mchele ulikuwa umesimama mikononi mwake.

Abubakar akainuka, akafika mlangoni, akakiona kile kikapu cha Mzee Chome kimekaa tayari kutundikwa. Alikitazama muda mrefu. Hakugeuka aliposema.

"Tena, mama, kuna kitu changu kidogo nadhani kilidondokea huku kwako. Cha plastiki. Si neno. Kibaki tu. Sina haja nacho."

Akaenda zake. Zainabu alibaki amekaa, masikio yanawaka, mpaka Mwanatumu akashindwa kuvumilia, akalifungua kopo mwenyewe akakitoa kile chambo kimoja. Kilikuwa kimenyofolewa nusu ya mkia, ndoana ina kutu, wino wa jicho umefifia. Akampa.

"Haya, mlambaji. Kazi yako."

Zainabu akakitia mdomoni. Akafumba macho, akakunja uso, akatema mate pembeni.

"Vipi?" akauliza Mwanatumu.

"Munyu," akasema Zainabu, akakitia mdomoni tena.